Siku Kumi na Mbili Chini ya Bati

Wapendwa, kulikuwa na mama mmoja mfinyanzi. Msiniulize jina lake wala wilaya yake, maana nawajua, mkitoka hapa mtaanza kusema ni shangazi yake fulani. Alikuwa mjane, mwanamke wa maneno machache, na vyungu vyake vilikuwa na sifa moja kubwa: havikuvuja. Ukipika maharage kwenye chungu cha mama yule yanaiva taratibu na mchuzi unabaki humo humo. Wangapi hapa wamewahi kula maharage ya chungu cha udongo? Naona mikono ya wazee tu. Vijana, poleni.

Kijijini kwao wanawake wafinyanzi walikuwa sita, na walichoma vyungu kwa pamoja, mara moja kwa mwezi. Kila mmoja anakuja na vyungu vyake, vinapangwa kimoja juu ya kingine, vinafunikwa kwa magome, nyasi kavu na samadi iliyokauka, kisha moto unawashwa. Sasa mnaiona hatari yake. Chungu cha mmoja kikipasuka motoni hakipasuki peke yake. Vipande vinarukia vya jirani, na jasho la mwenzako la mwezi mzima linageuka vigae.

Ndiyo maana walikuwa na desturi. Kila mfinyanzi ana jiwe lake dogo laini la kusugulia chungu kabla hakijakauka ili king'ae, na jiwe lile amelirithi kwa mama yake. Mwanamke ambaye vyungu vyake vimepasuka motoni mara tatu mfululizo, analikabidhi jiwe mbele ya wenzake. Hafukuzwi kijijini wala hatukanwi. Anaambiwa tu kwamba mkono wake umeharibika, apumzike. Na mtu ukishamwambia apumzike kazi aliyofundishwa na mama yake, umembakizia nini?

Mama yetu alikuwa amefinyanga miaka thelathini na minne bila aibu. Halafu mwaka ule, mwezi wa nane, vyungu vyake saba vikapasuka kwa mpigo. Mwezi wa tisa vikapasuka tisa, na viwili vya wifi yake vikaenda navyo. Huyo wifi, dada wa marehemu mumewe, ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kikundi. Aliokota vigae vyake, akavifunga kwenye khanga, akaondoka. Mama yetu alibaki amesimama pale kwenye majivu, anajua amebakiwa na moto mmoja.

Habari zikafika mjini, kwenye chuo ambacho kina watu wanaochunguza ufundi wa asili. Wakaamua kuja kusaidia, na nawaambia ukweli, walikuja kwa moyo mzuri. Ila hawakuja pamoja. Kila mmoja alikuja na gari la idara yake, kwa siku yake, na kifaa chake mkononi.

Wa kwanza alikuwa binti wa udongo. Namwita hivyo kwa sababu ndiyo taaluma yake, udongo. Alikuja siku ya kuchimba, akavua viatu, akashuka bondeni na mama yetu, akajaza vimfuko saba na kuviandika namba. Swali lake lilikuwa moja: chungu hiki kimetengenezwa kwa kitu gani? Akarudi chuoni kuviangalia vimfuko vyake kwa hadubini.

Wa pili alikuwa bwana wa moto. Yeye alikuja siku ya kuchoma, mwezi wa kumi, na nyaya ndefu za chuma ambazo alizichomeka katikati ya vyungu, na kompyuta iliyokuwa ikiandika joto kila dakika. Swali lake lilikuwa jingine: chungu kinageuka saa ngapi, na kwa joto kiasi gani? Alipofika asubuhi ile, kabla moto haujawashwa, mama yetu alimkaribisha nyumbani kwa uji.

"Baba, pita na chumba cha nyuma uone vinapokaa," alimwambia.

"Vinafanya nini huko, mama?"

"Vinakaa siku kumi na mbili. Vinakauka."

"Aa, basi huko hakuna cha kupima," akasema bwana wa moto, akamaliza uji wake, akashukuru, akaenda kwenye nyaya zake.

Wa tatu alikuwa mtaalamu wa mila, mzee mpole mwenye kinasa sauti. Alikaa na mama yetu Jumapili nzima kuuliza chungu kina maana gani kwa watu wa pale. Nani haruhusiwi kuchimba? Wimbo gani unaimbwa wakati wa kukanda? Mama yetu akamwimbia nyimbo sita, na kwenye wa mwisho, ambao ulikuwa wa mama yake mzazi, yule mzee akatoa leso na kujifuta macho. Mtu mzuri kabisa.

Naona wengine mnatabasamu. Msiwacheke wasomi. Kila mmoja aliuliza swali la maana, na kila mmoja alijibu swali lake kwa uaminifu. Chungu ni udongo, kweli. Chungu ni moto, kweli. Chungu ni watu na nyimbo zao, kweli kabisa. Na mama yetu alikuwa na tabia moja ambayo ninyi akina mama mnaijua: mgeni anajibiwa alichouliza, hapewi mzigo ambao hakuja kuuchukua. Kwa hiyo alimjibu wa udongo mambo ya udongo, wa moto mambo ya moto, wa mila mambo ya mila.

Basi ule moto wa mwezi wa kumi, ambao bwana yule aliupima dakika kwa dakika, ulipasua vyungu kumi na kimoja vya mama yetu.

Baada ya wiki moja kukawa na mkutano. Wataalamu wawili walituma ripoti zao kwenye bahasha, lakini binti wa udongo alikuja mwenyewe, na mtendaji wa kijiji akasoma zote tatu. Ya kwanza ikasema udongo hauna kasoro. Mama yetu akashusha pumzi. Ya pili ikasema moto ulipanda vizuri na kushuka vizuri, hauna kasoro. Mama yetu akamshukuru Mungu kimoyomoyo. Ya tatu ikasema mila zote za ufinyanzi zimefuatwa, hakuna iliyovunjwa. Mtendaji alipokunja karatasi ya tatu, mama yetu akainua macho, akakuta wenzake watano wanamtazama.

Wifi yake ndiye aliyesema, na alisema kwa upole, jambo ambalo lilimuumiza zaidi.

"Wifi, umesikia mwenyewe. Udongo ni mzima. Moto ni mzima. Mila ziko sawa. Sasa kilichobaki ni nini?"

Kilichobaki kilikuwa kimekaa pale mkekani, kimeshika jiwe la mama yake ndani ya kiganja.

Mmeona kilichotokea? Ripoti tatu za kweli. Hakuna aliyedanganya, hakuna aliyekosea kupima. Na kweli hizo tatu ziliposimama pamoja, zikazaa uongo mmoja: kwamba mama huyu ni mbaya. Wakapatana kwamba siku ya moto unaofuata atakabidhi jiwe. Wifi akamwombea jambo moja, kwamba alete vyungu vyake vya mwisho vichomwe pembeni, peke yake, mbali na vya wenzake, ili asiondoke mikono mitupu.

Alasiri hiyo hiyo mvua ya milimani ikateremka na mto ukabeba daraja, ingawa kijijini jua lilikuwa linawaka. Gari la binti wa udongo likakwama ng'ambo hii. Akalala wapi? Kwa mama yetu. Ripoti yake ilikuwa imemtia hatiani asubuhi, na usiku akatandikiwa kitanda kizuri cha nyumba ile. Ningekuwa mimi, sijui kama ningepika ugali wa mgeni yule. Mama yetu alipika.

Binti hakuwa na hadubini, hakuwa na vimfuko. Alikuwa hana kazi, na mtu asiye na kazi huanza kuangalia. Siku ya kwanza akamwangalia mama akikanda. Siku ya pili akamwona akifinyanga vyungu vya mwisho, kumi na viwili, akivisugua na lile jiwe na kuviingiza chumba cha nyuma. Siku ya tano, saa nane mchana, akaomba kujinyoosha kwenye mkeka humo humo chumbani, pembeni ya vyungu. Hakudumu. Alitoka amelowa jasho.

"Mama, humo ndani mbona panachoma hivi?"

"Ndilo bati, mwanangu." Mama yetu akatabasamu, kwa mara ya kwanza tangu siku ya mkutano. "Mwanangu wa kiume ndiye aliyeniezekea. Yuko huko kwenye mashamba ya mkonge. Alijinyima miaka miwili. Zamani ilikuwa nyasi, mvua ikinyesha nahamisha kitanda. Sasa angalia, nyumba ya kwanza ya bati kati yetu sisi wafinyanzi. Kijiji kizima kilikuja kula pilau."

"Aliezeka lini?"

"Mwezi wa saba."

Binti akarudi chumbani, akakaa chini. Jua likafunikwa na wingu, na bati likaanza kulia, ka, ka, ka, kama linavyolia likipoa ghafla. Ninyi wenye bati mnaijua sauti hiyo. Na chini ya sauti ile akasikia nyingine, ndogo, ikitoka kwenye vyungu. Akasubiri jua lirudi, wingu lipite tena. Ikasikika tena. Akaomba mafuta ya taa kidogo, akachovya kitambaa na kukipitisha kwenye shingo ya chungu kimoja. Mafuta yalipokauka, ukabaki mstari mweusi mwembamba kama unywele, kutoka shingoni hadi tumboni. Ufa. Vilikuwa vinakauka mbio mchana na kusimama ghafla wingu likipita, ndani bado vibichi, nje vimeshakaza. Kila chungu kilikuwa kinaingia motoni kimeshapasuka, na kila mtu alikuwa anaulaumu mkono.

Akamwita mama, akamwonyesha. Alidhani atafurahi.

Mama yetu akaupapasa ule mstari kwa kidole. Kisha akasema, "Usiseme ni bati."

"Mama, ndilo."

"Mwanangu alilala njaa kwa ajili ya bati hili. Akisikia limeniharibia kazi, atajisikiaje? Acha waseme ni mkono wangu. Mkono ni wangu, naweza kuubeba. Hili siwezi."

Binti akakaa pale karibu yake, akalia. Alilia kwa sababu ya huyo mama, na alilia kwa sababu ya ripoti yake. Alikuwa amefika siku ya kwanza kabisa, akachukua udongo wake, akaondoka. Angebaki siku kumi na mbili tu, hata bila kifaa, angesikia. Alipotulia akasema, "Mama, mwanao hajakuharibia kitu. Alikupa bati, wala hakuna aliyemwambia kwamba chini yake kuna vyungu. Kuliangalia hilo lilikuwa juu yetu sisi wote tuliokuja kula pilau na uji wako."

Kuna jambo moja la udongo ambalo mama yetu alilijua kuliko chuo kizima. Chungu ambacho hakijaona moto, hata kikiwa na ufa, hakijapotea. Unakiponda, unakiloweka, unakanda, unaanza. Kesho yake aliviponda vyote kumi na viwili. Walikata nyasi, wawili hao, wakazifunga kwa kamba kwenye boriti chini ya bati, unene wa shibiri moja, na bati likabaki juu mahali pake, mvua isiingie. Chumba kikapoa. Mama akafinyanga upya, akaviacha siku zake kumi na mbili. Daraja lilitengenezwa siku ya tisa, dereva akapiga honi, na binti wa udongo akamwambia aende zake, yeye bado anaangalia vyungu vikikauka.

Siku ya moto ikafika. Vyungu vya mama yetu vikachomwa pembeni, peke yake. Alikaa kwenye gogo, jiwe mkononi, tayari kulitoa. Moto uliposhuka, majivu yakaondolewa kwa fimbo, na vikatoka kimoja kimoja. Kumi na viwili viliingia, kumi na viwili vikatoka. Binti, kwa ruhusa ya mama, akaeleza kuhusu bati, kwa ufupi, bila kumlaumu mtu.

Wifi alikuwa ameshanyoosha mkono kulipokea jiwe. Akaurudisha taratibu, akakaa kwenye gogo karibu na mama yetu.

"Wifi," akasema, "mwanangu naye ameshanunua bati. Ataniezekea mwezi ujao. Nitakuja unionyeshe mlivyofunga zile nyasi."

Mfano umeishia hapo, na naona mmeridhika. Mnawaza, wasomi wangekaa pamoja mapema. Kweli, wangekaa. Lakini mimi sikuja kuwahubiria wasomi. Hawapo hapa, tuko sisi.

Sisi tuna ndugu yetu mmoja ambaye ametubu mbele ya madhabahu hii mara tatu, na mara tatu amerudi kwenye pombe. Mnamjua. Amenipa ruhusa kulisema hili, kwa hiyo msigeuke kumtafuta, yupo. Idara ya maombi imemwombea, tena kwa kufunga. Wazee wa kanisa wamemtembelea. Kamati ya malezi imemfundisha masomo yote manane. Wiki mbili zilizopita kila kikundi kilileta taarifa yake kwenye baraza, nami ndiye niliyekuwa mwenyekiti, nikazisoma kwa sauti. Maombi yamefanyika ipasavyo. Matembezi yamefanyika ipasavyo. Mafundisho yamekamilika. Na mtu mmoja, kwa upole kabisa, akauliza, "Sasa kilichobaki ni nini?" Tukakubaliana jina lake litoke kwenye orodha ya washarika. Karatasi ipo ofisini kwangu, inasubiri saini yangu. Nilikuwa nimeshafungua kalamu.

Nani kati yetu anajua ndugu huyu anashindaje kati ya Jumatatu na Jumamosi? Mimi sikujua. Nimekuwa mchungaji wake miaka sita na sikujua. Kwa hiyo Jumatatu iliyopita nilikwenda kukaa naye kazini. Sikwenda na Biblia wala daftari. Nilikwenda kukaa.

Mnakumbuka alivyokuwa hana kazi, na mmoja wetu, kwa upendo mkubwa, akampa kazi kwenye ukumbi wake wa sherehe? Tulimshukuru Mungu kwa ajili ya kazi ile, hapa hapa, tukapiga makofi. Jumatatu mchana ndiyo siku ya kuosha vyombo vya harusi ya Jumamosi. Nilimkuta ndugu yetu peke yake stoo, na kreti ishirini za chupa, na beseni za glasi. Kila chupa ina pombe kidogo iliyobaki chini. Anazimwaga kwa mkono, moja baada ya nyingine, kutwa nzima, kila wiki. Nilikaa naye kwa saa tatu. Nilipotoka nguo zangu zilikuwa zinanuka pombe, na mke wangu aliniuliza nimetoka wapi.

Lile ndilo bati letu. Tulimwezekea sisi, tukala pilau, tukaenda zetu kuandika taarifa. Mwenye ukumbi nimeshazungumza naye. Ameumia sana, na simlaumu, kwa sababu alichotoa kilikuwa zawadi. Hata ndugu yetu mwenyewe mwanzoni hakutaka niseme. Aliniambia, "Mchungaji, acha tu, waseme ni mimi. Huyu mzee alinisaidia wakati hakuna mwingine."

Karatasi sikusaini, na sitasaini. Ndugu yetu bado ni udongo mbichi, ana ufa, na analowekwa. Maombi yaendelee, masomo yaendelee, matembezi yaendelee, siyafuti. Lakini leo hatutaita mtu mbele kutubu, na sitauliza nani atamwombea. Nauliza jambo dogo kuliko hilo. Wengine hapa mna maduka, mna mashine za kusaga, mna mashamba, mna karakana. Kabla ya wimbo wa mwisho, nani kati yenu ana kazi nyingine ya kumpa?

Nasubiri. Sina haraka.